Jinsi ya Kuandika Kichekesho Ambacho Msimulizi Wake Ni Mbwa

Nyumba yenye mbwa ina shahidi asiyekosa siku. Anajua nani kagombana na nani, nani hula gizani mbele ya jokofu, nani huongea na kioo. Hasemi. Siku akipewa kalamu, mambo yote tuliyomjengea, sweta zake, siku zake za kuzaliwa, picha zake na kofia zake, yataonekana jinsi yalivyo. Mwongozo huu ni wa kumshikia kalamu hiyo. Utakusaidia kuandika kejeli ya kurasa mbili au tatu kuhusu watu wanaofuga, ikitoka kwa yule anayefugwa.

Kazi hii ina nasaba ndefu. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Diogenes wa Sinope aliishi hadharani bila kuona haya, watu wakamwita mbwa, naye akalipokea jina. Wanafalsafa wa mkondo wake wamebaki na jina lililotokana na neno la Kigiriki la mbwa hadi leo. Aliwatazama wakubwa kutoka chini, mahali ambapo joho la mtu halifichi miguu yake.

Niseme mapema ninachoamini, maana hatua zote zinakitegemea. Kichekesho cha mbwa husimama pale tu mbwa anapompenda mtu wake na kumwamini bila shaka yoyote. Niliwahi kuandika kipande ambamo mbwa alimdharau mwenye nyumba na kumsuta kwa kila alilofanya. Sentensi zilikuwa kali, nami nilizipenda. Nilipowasomea ndugu zangu hakuna aliyecheka, kwa sababu walichosikia ni mtu mwenye hasira akijificha nyuma ya mbwa. Nikaandika upya. Matukio nikayaacha yaleyale, ila safari hii mbwa akayaona yote kuwa ya busara na ya kustaajabisha. Walianza kucheka kwenye aya ya pili. Mtu akisutwa hutafuta namna ya kujitetea, lakini akiaminiwa kupita kiasi hujikuta anajikagua mwenyewe.

Hatua ya 1: Keti sakafuni

Keti kweli, usifikirie tu kuketi. Nusu saa asubuhi watu wanapojiandaa kutoka, na nusu saa jioni wanaporudi. Kutoka pale chini binadamu ni miguu, viatu, na mikono inayoshuka ghafla kutoka juu. Uso huja mara chache. Meza ni paa. Mahali pa maana ni chini ya sofa, kwenye kona ya jiko, na ule upenyo kati ya mlango na sakafu unaoleta habari zote za nje.

Chukua daftari uandike yanayojirudia, kwa sababu yanayojirudia ndiyo mbwa huyasoma. Utaona kwamba mtu anayetoka nyumbani hafanyi jambo moja. Anachukua funguo, anazirudisha, anajipapasa mfukoni, anavaa viatu, anarudi na viatu hivyo hadi chumbani kufuata simu, anaaga, anasimama mlangoni, anaaga tena. Ibada hii mbwa anaijua kuliko anayeifanya. Mbwa wengi hujua kwamba leo wanaachwa peke yao kwa kuona tu ni viatu gani vimetolewa.

Andika mambo 20 hivi, na usiyatafsiri. “Amegusa mfuko mara tatu” ni nzuri. “Ana wasiwasi” haifai, maana neno hilo mbwa hana, na msomaji hufurahi zaidi akiugundua wasiwasi huo mwenyewe. Kama hufugi, omba kuketi kwa mtu anayefuga. Mtazame mtu kuliko unavyomtazama mbwa.

Hatua ya 2: Hamia kwenye pua

Kosa la kawaida la waandishi wa aina hii ni kumpa mbwa macho ya binadamu na kumwekea mkia. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Yetu ina milioni tano au sita. Kwa hiyo nyumba unayodhani ni yako, ambayo wewe umeipaka rangi na kupanga samani, mbwa huisoma kama kitabu ambacho wewe hujafungua hata ukurasa wa kwanza. Fuata kanuni hii katika rasimu: kila mhusika aingie kwa harufu kabla ya kuingia kwa uso.

Mgeni akibisha hodi, mbwa wako asiseme “ameingia mwanamume mrefu mwenye suti”. Aseme: “Ameingia mtu mwenye paka wawili, mmoja mgonjwa. Mtu mwenyewe bado hajajua.”

Macho nayo yana zawadi kwa mwandishi. Mbwa ana aina mbili tu za seli za kupokea rangi, sisi tuna tatu. Bluu na njano anazitofautisha vizuri, lakini nyekundu kwake ni rangi iliyofifia, na juu ya majani mabichi karibu ipotee. Sasa fikiria mtu anayesimama dukani, anachagua mpira mwekundu kwa sababu unang'aa, anautupa nyasini, halafu anasikitika kwamba mbwa wake anazunguka bila kuuona. Tukio hilo limejitosheleza. Mbwa, akimwita mtu wake Mwenye Funguo, anachohitaji kusema ni hiki tu:

“Mwenye Funguo ana vitu ambavyo havipo. Hunionyesha kimoja mkononi, kisha hukirusha majanini, nacho hukoma kuwepo. Nami hukitafuta kwa pua mpaka nikirudishe duniani. Akikiona hupiga kelele za furaha. Ni kazi ngumu lakini ananitegemea mimi.”

Masikio usiyasahau: sauti yetu ya mwisho ya juu ni kama hezi (mitetemo kwa sekunde) 20,000, ya mbwa hufika karibu 45,000. Tarakimu hizi zisiingie ndani ya kichekesho chenyewe. Ni zako wewe, ili kila anachokosea mbwa wako kiwe na mzizi katika mwili wake.

Hatua ya 3: Wape watu majina ya kazi

Mbwa hamjui mtu kwa cheo. Anamjua kwa anachofanya. Yupo Mwenye Funguo. Yupo Mama Bakuli. Yupo Anayelia Bafuni. Mtoto mdogo anayekula kwenye kiti kirefu aitwe Mdondoshaji, na katika nyumba nzima yeye ndiye apewe heshima ya kifalme. Ukipata majina matatu kama hayo umeshapata nusu ya kipande, kwa sababu jina la kazi hueleza maisha ya mtu bila kuyaeleza.

Kuna jina moja la kushughulikia kwa uangalifu. Wafugaji wengi siku hizi hujiita baba au mama wa mbwa wao. “Njoo kwa mama,” mtu humwambia mnyama wa miguu minne. Waandishi wengi hapa hukimbilia kebehi. Mwache mbwa alipokee neno lilivyo:

“Mwenye Funguo husema yeye ni mama yangu. Mama nilimjua, alikuwa na chuchu nane na hakuwahi kunivalisha kofia. Lakini huyu naye hulala ubavuni kwangu na kuniamsha akiota vibaya. Basi wapo wawili.”

Hatua ya 4: Tafuta sarufi ya mbwa

Hapa ndipo Kiswahili kinapotubeba, na ni hatua ninayoipenda kuliko nyingine zote. Lugha yetu imeshawaandalia mbwa nyakati zao.

Kiambishi hu- ni wakati wa mbwa. Kwake karibu hakuna jana saa nane wala Jumanne ijayo, kuna yanayokuwa. Mwenye Funguo huondoka. Giza huja. Mwenye Funguo hurudi. Andika aya yako ya kwanza yote kwa hu-, utashangaa jinsi sauti inavyojitengeneza yenyewe. Halafu tukio la siku hiyo likitokea, vunja mtiririko kwa -me-: “Amerudi!” Mruko huo mdogo wa kitenzi ni mkia unaotikisika.

Kiambishi cha pili ni -ja-. Binadamu aliyeachwa husema “hakurudi”. Mbwa hasemi hivyo kamwe. Husema “hajarudi”. Kati ya -ku- na -ja- pana tofauti yote kati yetu na wao, maana hajarudi bado ina mlango wazi ndani yake. Profesa Hidesaburo Ueno alifariki Mei 1925, na mbwa wake Hachiko akaendelea kwenda kituo cha treni cha Shibuya, Tokyo, kumsubiri hadi alipokufa yeye mwenyewe Machi 1935. Karibu miaka 10 ya neno moja. Sishauri kumfanyia mzaha Hachiko, lakini msimulizi wako awe na damu hiyohiyo. Mtu akichelewa dakika tano au siku tano, hajarudi.

Kisha ngeli. Kisarufi, vyombo vya nyumbani haviingii katika ngeli ya A-WA, lakini mbwa hakusoma sarufi. Kinachotembea na kunguruma kina roho. Mashine ya kufyonza vumbi kwake ni mtu: “Mfyonzaji ametoka kabatini. Ana njaa tena. Ananifuata mpaka chini ya meza, lakini Bwana amemshika mkia.” Simu pia aingie A-WA. Tazama wenyewe tunavyomtunza: hulala kitandani, huitwa kwanza asubuhi, akilia mtu huacha chakula. “Usiku Simu hulazwa kando ya ukuta anyonye. Akikosa kunyonya hufa, na Mwenye Funguo hupiga mbio akitafuta ukuta mwingine.” Hujasema lolote kuhusu watu kutawaliwa na simu. Umebadilisha ngeli tu.

Msamiati uwe mdogo. Mbwa hodari sana wanaweza kujua maneno mengi: Chaser, mbwa wa kuchunga kondoo wa Marekani, alijifunza majina ya vichezeo 1,022 katika miaka mitatu, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2011. Wako mpe maneno 12. Jina lake, nyama, twende, hapana, kuoga, na mengine machache. Maneno mengine ya binadamu yapite kama upepo: “Alisema kwa muda mrefu sana. Katikati yake lilikuwemo ‘nyama’. Nikaendelea kusikiliza kwa moyo wote.”

Na kuna hili la tusi. Katika Kiswahili neno mbwa ni tusi, na mwandishi hawezi kujifanya hajui hilo. Usilikwepe. Mbwa hajui kwamba jina lake hutupwa kama jiwe, kwa hiyo mweke dirishani siku ya ugomvi: “Leo Bwana amemwita jirani mbwa, kwa sauti kubwa, mbele za watu. Sikujua kama wanapendana kiasi hicho.” Nimeujaribu mstari huu mbele ya watu wa rika zote, na kila mara kicheko kinakuja baada ya kimya kifupi. Ule ukimya ni watu wanaopima neno ambalo wamelitumia maisha yao yote.

Hatua ya 5: Tafuta kosa lenye mantiki

Mbwa wa kichekesho lazima akosee, lakini akosee kama mwanasayansi: ana ushahidi, na ushahidi wote unamuunga mkono. Mfano unaojulikana ni wa mleta barua. Kila siku mtu huyo anakuja mlangoni, mbwa anabweka, mtu anaondoka. Hajawahi kubweka akashindwa. Ndiyo maana tabia hiyo haifi: kila siku inalipwa.

Mfano ulio bora zaidi ni ule uso wa hatia. Mtu anaingia, anakuta mto umechanwa, anamtazama mbwa, mbwa anainamisha kichwa na kutazama pembeni, mtu anasema, “Ona, anajua alichofanya.” Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio la mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa kula kipande cha chakula, akatoka chumbani. Aliporudi, mara nyingine aliambiwa ukweli kuhusu kilichotokea na mara nyingine alidanganywa. Uso wa hatia haukulingana na kosa. Ulilingana na kukaripiwa. Tena mbwa waliotii na bado wakakaripiwa ndio walioonyesha uso huo zaidi.

Kwa mwandishi, hapo pana simulizi nzima. Andika jioni moja mara mbili. Mara ya kwanza kama mtu anavyoisimulia kwa simu: mbwa ana hatia, amekiri, ameomba radhi. Mara ya pili kama mbwa alivyoiishi: Mwenye Funguo amerudi akiwa na harufu ya siku mbaya, sauti yake imekuwa nzito, pengine ameumizwa huko alikotoka, basi ni bora kujifanya mdogo mpaka apone. Usiweke maelezo kati ya hizo mbili. Acha zigongane.

Hatua ya 6: Chagua desturi moja ya wafugaji, moja tu

Utataka kuweka kila kitu. Usiweke. Desturi moja iliyotazamwa kwa makini inachekesha kuliko kumi zilizotajwa. Zipo nyingi za kuchagua: kumvalisha mbwa mavazi, kumfungulia ukurasa wa picha, kumpima nasaba, kumpeleka kwenye maonyesho. Maonyesho ya Westminster huko New York yameendelea tangu 1877, kwa hiyo kwa zaidi ya karne watu wamekuwa wakikimbia kwenye duara wakiwa na mbwa kando yao ili mtu wa tatu aamue nani kakimbia vizuri. Mbwa wako anaweza kuamini kwa dhati kwamba anayehukumiwa ni mtu, na kumwonea huruma asipopata utepe.

Binafsi ningechagua uongozi wa kundi. Kuna wafugaji wanaosisitiza kula kabla ya mbwa na kutangulia mlangoni ili waonekane wakuu. Wazo hilo lilianzia kwa mbwamwitu waliofungiwa, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliwaeleza katika maandishi ya mwaka 1947, likaenezwa na kitabu cha mtafiti wa mbwamwitu David Mech cha 1970. Mech mwenyewe alirudi mwaka 1999 akaeleza kwamba kundi la mbwamwitu porini kwa kawaida ni familia tu, baba, mama na watoto wao. Watu wengi hawakumsikia. Mbwa wao anaonaje?

“Bwana hutangulia mlangoni kila mara. Ni jasiri mno. Huenda nje kuna hatari, naye hataki inipate mimi. Chakula pia hukionja kabla yangu, kisha hukaa kimya akinitazama. Nadhani anangoja kuona kama yeye atakufa.”

Wakati mwingine maisha yameshatangulia kejeli, na hapo kazi yako ni kusimulia bila kuongeza chumvi. Mwaka 2007 tajiri wa hoteli Leona Helmsley wa New York alifariki na kumwachia mbwa wake, Trouble, dola milioni 12. Mwaka uliofuata jaji akazipunguza hadi milioni 2. Ukiandika kutoka upande wa mbwa, fedha zisitajwe. Kuna mkono mmoja uliokuwa ukishuka kutoka juu ambao haushuki tena, na kuna wageni wengi wapya wenye harufu ya hasira. Vivyo hivyo kwa wanaowarudufu mbwa wao waliokufa, jambo lililowezekana tangu Snuppy, mbwa wa kwanza aliyetengenezwa kuwa nakala ya mbwa mwingine, azaliwe Korea Kusini mwaka 2005: mbwa mdogo anaingia nyumba ambayo hajawahi kuiona, na mtu anamkumbatia huku akilia, akisema, “Umerudi.”

Hatua ya 7: Andika rasimu kwa kikao kimoja

Mbwa hakai na wazo siku tatu, na sauti yake hukatika ukiiacha usiku kucha. Huu hapa mfano niliouandika kwa kutumia hatua zilizotangulia. Desturi ni moja, sherehe ya siku ya kuzaliwa.

“Leo nyumba imejaa miguu. Mwenye Funguo amenivalisha kofia yenye uzi chini ya kidevu. Sikio langu la kushoto haliwezi tena kufanya kazi yake. Nimesimama kimya, kwa sababu mikono yake inatetemeka kwa furaha na sitaki kuiangusha.

Wameleta kitu cha mviringo chenye moto juu. Nimewatazama wote, hakuna anayeshtuka. Kisha wakaanza kulia kwa pamoja wakinielekea mimi. Nikalia nao, maana kundi haliachwi lilie peke yake. Mwishoni Mwenye Funguo akaupuliza moto ukafa, wakapiga makofi. Hapo nikaelewa: moto uliingia ndani, tukaitana, tukaulilia, ukashindwa. Najivunia wote.

Simu alikuwepo. Alibebwa muda wote, akasogezwa usoni kwangu mara nyingi kuliko chakula. Nadhani Simu haoni vizuri. Kila akinitazama, Mwenye Funguo hunitaka nikae, halafu hutabasamu kwake. Kwangu hutabasamu Simu akilala.

Miguu ikaondoka, mmoja mmoja. Mwenye Funguo akakaa sakafuni, mahali pangu. Alikuwa na harufu ya mtu aliyeita watu wengi na aliyemtaka hajaja. Akanivua kofia. Sikio likarudi kazini. Nikamlamba mkono uliokuwa na sukari, na ule usiokuwa nayo.

Akasema neno ninalolijua. ‘Twende.’”

Utaona kwamba mbwa hakutamka neno upweke wala neno mitandao. Utaona pia “hajaja”, palepale ambapo binadamu angesema “hakuja”. Neno hilo peke yake ndilo lililonigharimu saa nzima, kwa sababu mwanzoni niliandika “aliyemtaka hakufika”, nikawa sijui kwa nini aya nzima imepoa.

Hatua ya 8: Kata

Isome kwa sauti. Futa kila sentensi ambayo mbwa anatambua kwamba anachekesha. Futa vichekesho vilivyochakaa: kwamba mbwa ndiye bosi kwa kuwa mtu huokota kinyesi chake, kwamba paka anapanga mapinduzi, kwamba mbwa anafukuza mkia wake kama sisi tunavyofukuza fedha. Vimeshasemwa mara nyingi mno. Futa pia kila “kama binadamu wangejua”. Ukibaki na nusu ya ulichoandika, uko sawa.

Hatua ya 9: Hakikisha mzaha haumdhuru mbwa halisi

Msomaji huiga anachokichekea. Kama hadithi yako ina keki, mbwa asipewe chokoleti, zabibu, vitunguu wala kitu chenye zailitoli (kiungo cha utamu kinachotumiwa badala ya sukari), kwa sababu vyote hivyo ni sumu kwake. Ukikosa namna ya kuliepuka tukio hilo, mfanye mhusika aende kwa daktari wa wanyama ndani ya simulizi hiyohiyo, na mchezo uishe.

Usichekeshe kwa kukoroma kwa mbwa wenye pua zilizobonyea. Wengi wao wanahangaika kupata pumzi, na waliowazalisha hivyo ni watu waliopenda sura ile. Kama unataka kejeli, iko hapo, kwa watu. Na unapoeleza picha ya mbwa aliyekumbatiwa kwa nguvu, andika kwa uaminifu kile mwili wake unachosema: anageuza kichwa, anajilamba midomo, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Mbwa wako wa kubuni anaweza kulieleza kwa upole, “Ananibana tena, labda anazama”, na msomaji atakumbuka mbwa wa nyumbani kwake bila kuhubiriwa.

Hatua ya 10: Maliza kwa kitendo

Sentensi ya mwisho isiwe wazo la mbwa kuhusu binadamu. Mbwa akianza kutoa hukumu mwishoni, mwandishi ameingia jukwaani na kumwondoa. Mpe kitu cha kufanya.

Kuna jambo moja la kukusaidia hapa. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walionyesha kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, ileile inayofanya kazi kati ya mama na mtoto mchanga. Na mwaka 2019 Juliane Kaminski na wenzake walieleza msuli unaoinua nyusi za mbwa upande wa ndani, ambao kwa mbwamwitu ni nyuzi chache tu. Yaani uso huo unaotuyeyusha umeumbika ukiwa karibu na sisi. Kwa hiyo mwishoni watazamane. Simu awe chini, kofia iwe imevuliwa, mtu awe kwenye sakafu au mbwa awe kwenye kiti alichokatazwa. Kama mtu wako bado yuko nje, usimlazimishe arudi ili kipande kipate kufungika. Mweke mbwa mbele ya ule upenyo wa mlango, pua ikiwa chini, na umalizie na anachokisikia kabla hatujakisikia sisi:

“Giza limekuja. Hajarudi. Gari limepita, si lake. Miguu imepita, si yake. Hajarudi. Ngazi. Funguo. Funguo!”